Kioo cha simu kimekufa: uweke OLED laini, OLED ngumu au inseli?

Simu ikidondoka na kioo kikafa, swali la kwanza la fundi, awe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, ni "unataka cha aina gani?" Anakutajia bei tatu au nne za simu hiyohiyo, na ya juu inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya chini. Wengi huchukua ya chini, kwa sababu vioo vyote vikiwashwa pale mezani vinaonekana sawa na hakuna aliyewaeleza kilichopo chini ya glasi. Naandika kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya meza hiyo na pesa ya kuhesabu mkononi. Tofauti ipo, ni kubwa, na ukiijua kuna wakati utaokoa hela kwa kuchukua cha bei ndogo bila kujuta.

Niseme mapema ninaposimama. Kama simu ilitoka kiwandani na OLED laini, na unataka kukaa nayo mwaka au zaidi, weka OLED laini. OLED ngumu kwenye simu ya namna hiyo ndiyo ninayoipinga kuliko zote. Inseli ina mahali pake, na nitapataja, ila usiiweke kamwe kwenye simu inayosoma alama ya kidole chini ya kioo.

Kilichomo chini ya glasi

Boksi la kioo cha kubadilishia huandikwa Incell, Hard OLED au Soft OLED. Mengine huandikwa TFT, na hicho kihesabu kundi moja na inseli.

Inseli ni LCD. Nyuma kuna taa inayowaka muda wote, na mbele ya taa kuna fuwele za kimiminika zinazofungua na kuziba njia ya mwanga. Tachi yake imejengwa humohumo ndani ya LCD.

OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta ina tabaka za molekuli za kaboni ambazo hutoa mwanga zenyewe umeme ukipita. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walionyesha mwaka 1987 kwamba tabaka mbili tu za molekuli hizo, nyembamba kupita kiasi, zinaweza kuwaka vizuri kwa chini ya volti 10, na vioo vya OLED vilivyomo kwenye simu zetu leo ni wajukuu wa kazi ile. Tabaka zote hizo za kaboni (ogani) zikijumlishwa hazifiki unene wa maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo ulaini au ugumu wa kioo hautokani nazo. Unatokana na kitu zilichojengwa juu yake.

Kwenye OLED ngumu zimejengwa juu ya glasi, zikafunikwa kwa glasi ya pili, na kingo zikazibwa kwa unga wa kioo uliochomwa na leza. Kwenye OLED laini kazi ni ndefu zaidi. Kiwanda humwaga polimaidi, aina ya plastiki, ikiwa bado majimaji juu ya glasi, huichoma mpaka iwe utando wa rangi ya manjano inayoelekea kahawia, hujenga transista (swichi ndogo za umeme zinazoendesha nukta) juu ya utando huo, hupandisha molekuli za ogani kama mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa, kisha huziba. Mwisho leza hupigwa kutokea upande wa nyuma, na utando unabanduka kwenye glasi ukiwa na kila kitu juu yake. Polimaidi ilichaguliwa kwa sababu inastahimili joto la kutengenezea transista, joto ambalo plastiki za kawaida zingeyeyuka nalo.

Pagumu zaidi palikuwa kwenye kuziba. Glasi haipitishi unyevu. Plastiki inapitisha, na molekuli za OLED zikikutana na maji au oksijeni zinakufa. Kinga inayotakiwa ni ile isiyoruhusu zaidi ya takriban sehemu moja ya milioni ya gramu ya maji kupita kwenye mita moja ya mraba kwa siku nzima. Njia iliyofanikiwa ni kupanga tabaka za madini na za plastiki kwa kupokezana, ili tundu dogo la tabaka moja lisikutane na tundu la tabaka inayofuata. Samsung Galaxy Round na LG G Flex, zote zilizotangazwa Oktoba 2013, ndizo zilizoingiza kioo cha plastiki kwenye simu za madukani. iPhone X ya mwaka 2017 ikakifanya kuwa jambo la kawaida kwenye simu za bei kubwa, na mwaka huohuo kampuni ya BOE ya China ikaanza kuzalisha OLED laini kwenye kiwanda chake cha Chengdu. Uzalishaji ulipotapakaa namna hiyo ndipo vioo laini vya kubadilishia vikapatikana kwa wingi sokoni Shenzhen, China, na kutoka huko vikafika kwetu.

Ikidondoka tena

Hapa ndipo naona pesa ya OLED laini inarudi. Simu yenye kioo laini ikianguka, mara nyingi kinachopasuka ni glasi ya juu peke yake. Utando wa chini unajipinda kidogo na kurudi, picha inabaki nzima, tachi inafanya kazi, na unaendelea kuitumia ukisubiri mwisho wa mwezi. Kwenye OLED ngumu, ufa ukifika kwenye glasi ya ndani, ambayo ni nyembamba sana, umekata transista na umefungulia hewa njia. Sehemu ya kioo inakuwa nyeusi au kioo chote kinazima. Inseli nayo ni glasi, lakini huwa nene zaidi, na mafundi wengi watakwambia OLED ngumu ndiyo inayorudi mezani mapema kuliko zote.

Kuna dalili moja ya kuijua kwenye OLED yoyote: doa jeusi au la zambarau linaloanzia kwenye ufa na kutambaa taratibu kama wino. Kinga imetoboka na molekuli zinakufa. Halirudi nyuma na halitibiki. Ukiliona, hamisha picha na namba zako siku hiyohiyo, maana likishafunika kioo hutaweza hata kuandika nywila.

Kukaa kwenye fremu

Chukua iPhone X na uangalie ukingo wa chini. Ukanda mweusi ni mwembamba sawa na wa juu na wa pembeni. Kilichofanyika ni kwamba utando wa OLED umekunjwa kwenda nyuma ya kioo, na chipu inayouendesha imejificha huko. Glasi haikunjiki hivyo. OLED ngumu na inseli za simu hiyo lazima ziitafutie chipu na nyaya nafasi nyingine, ndiyo maana ukanda wa chini unakuwa mpana na kioo kizima kinakuwa kinene zaidi. Kikiwa kinene, hakizami vizuri kwenye fremu. Pita kucha pembeni: ikikwama kwenye ngazi, kioo kimenyanyuka, na kilichonyanyuka ndicho kinachogonga sakafu kwanza. Uzuiaji wa maji wa kiwandani usiuhesabu tena baada ya kubadilisha kioo, hata kiwe cha aina gani.

Kwa Samsung za daraja la kati hesabu inabadilika, na hapa watu wengi hulipishwa bure. Galaxy A50, A51 na A52 zilitoka kiwandani na OLED iliyojengwa juu ya glasi. Orijino yake ni ngumu. Mtu akikuuzia "OLED ngumu" kwa A51 hajakushusha daraja, mradi ukubwa ni ule wa kiwandani. Uliza hilo waziwazi, maana kuna OLED za kubadilishia zilizo ndogo kuliko za kiwandani, zenye kingo nyeusi pana. Ukitaka kilekile cha kiwandani kwa Samsung, agiza kile mafundi wanachokiita sevisi paki: kinakuja pamoja na fremu yake, na ni ghali, lakini kwa Samsung ndicho ningekinunua kama bajeti inaruhusu.

iPhone XR na iPhone 11 ziko upande mwingine kabisa. Zilitoka kiwandani na LCD. LCD nzuri ndiyo inayofaa hapo, na habari ya OLED haikuhusu.

Alama ya kidole, uso, na ujumbe wa onyo

Kuanzia A50, Samsung nyingi za daraja hilo husoma kidole kwa kamera ndogo iliyo chini ya kioo. Kamera hiyo inamulikiwa na nukta za OLED na inachungulia katikati ya nukta hizohizo. Ukiweka inseli, taa ya nyuma na tabaka zake zinaikinga kamera isione kitu, na kidole hakitasomeka tena. Hakuna cha kurekebisha kwenye mipangilio ya simu kitakacholitatua. Nimeona watu wakihangaika kufuta na kuandikisha vidole upya wakidhani simu ina tatizo la programu, kumbe hawakuambiwa wakati wa kununua. Kama unalinda akaunti ya M-Pesa au ya benki kwa kidole, hilo peke yake linatosha kukufanya uikatae inseli.

Kwenye iPhone tatizo liko kwingine. Kwenye X, XS na 11, kipande chenye spika ya sikioni na vihisi vya mbele kimeoanishwa na simu yako na kimekaa kwenye kioo cha zamani. Fundi lazima akihamishe kwenda kwenye kioo kipya bila kukata wala kuloanisha utepe wake. Akiuharibu, Face ID (kufungua simu kwa uso) imekwenda, na kuweka cha simu nyingine hakusaidii. True Tone, inayolinganisha rangi za kioo na mwanga wa mahali ulipo, nayo hupotea, isipokuwa fundi awe na mashine ya kusoma data za kioo cha zamani na kuziandika kwenye kipya. Kuanzia iPhone 11, kioo kisicho cha Apple kinaleta ujumbe kwenye mipangilio kwamba simu haiwezi kuthibitisha kioo hicho. Ujumbe hauzuii matumizi, ila mnunuzi wa baadaye atauona. Kwa anayepanga kuuza simu yake karibuni, kioo cha Apple chenyewe kinaweza kurudisha gharama yake kwenye bei ya kuuzia.

Betri na rangi

LCD inawasha taa yake yote hata picha ikiwa nyeusi tii, na sehemu kubwa ya mwanga huo huishia ndani ya vichujio vya kioo. Ndiyo maana weusi wa inseli unaelekea kijivu ukizima taa za chumbani. OLED huzima nukta, na nyeusi yake ni nyeusi.

Faida ya betri inategemea unavyotumia simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima programu za Android mwaka 2021 wakakuta kwamba kuhamia mandhari nyeusi kwenye OLED kunaokoa wastani wa asilimia 39 hadi 47 ya umeme mwangaza ukiwa asilimia 100. Mwangaza ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, akiba inashuka hadi asilimia 3 mpaka 9. Maana yake kwa mtu anayefanya kazi juani na kupandisha mwangaza mpaka mwisho, OLED pamoja na mandhari nyeusi ni tofauti ya kuwa na chaji jioni au kutokuwa nayo. Kwa anayekaa ofisini na mwangaza wa nusu, betri isiwe sababu ya kuongeza pesa.

Zima pia ile saa inayobaki ikionekana simu ikiwa imelala, endapo utaweka inseli kwenye simu ya OLED. Kwenye OLED inawasha nukta chache tu. Kwenye inseli inawasha taa nzima usiku kucha.

Kuungua alama: swali la dereva

Sasa upande ambao OLED inashindwa. Molekuli zake huchoka kwa kuwaka. Sehemu inayoonyesha kitu kilekile kwa saa nyingi huchoka zaidi, na kivuli chake kinabaki: alama za juu za mtandao, vitufe vya chini, ukanda wa programu ya ramani.

Ya bluu ndiyo inayochoka haraka, na sababu imo kwenye fizikia. Mwaka 1998 kundi la watafiti Stephen Forrest na Mark Thompson lilionyesha jinsi molekuli zenye metali nzito zinavyoweza kugeuza karibu nguvu yote ya umeme ndani ya OLED kuwa mwanga, wakati zile za kawaida hutumia takriban robo tu. Nyekundu na kijani za simu zetu zinafanya kazi kwa njia hiyo. Bluu ikabaki nyuma miaka yote hii, kwa kuwa mwanga wa bluu unabeba nguvu kubwa inayovunja vifungo vya molekuli ileile inayoutoa. Mei 2025 LG Display ilitangaza kwamba imethibitisha kwenye laini ya uzalishaji kioo kinachochanganya bluu ya njia hiyo ya metali nzito na bluu ya zamani, tabaka mbili zikiwa zimepandanishwa. Kupandanisha tabaka kwa ajili ya kugawana mzigo kulishaingia sokoni kwenye iPad Pro ya 2024. Kwa kioo unachonunua leo kwa fundi, bluu bado ni ileile inayochoka.

Kwa hiyo dereva wa bodaboda au wa teksi ya mtandaoni, ambaye simu yake inakaa kwenye kishikio kutwa nzima ikiwa na ramani na mwangaza wa mwisho, jua likiichoma juu yake, yuko kwenye mazingira mabaya kabisa kwa OLED. Huyo namshauri LCD bila kusita. Afadhali zaidi awe na simu ya pili ya bei nafuu iliyotoka kiwandani na LCD kwa ajili ya kazi, simu yake nzuri ikae mfukoni.

Macho

OLED nyingi hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima haraka, takriban mara 240 kwa sekunde kwenye simu nyingi za Samsung. Walio wengi hawahisi chochote. Wachache wanaumwa kichwa au macho yanachoka, hasa usiku mwangaza ukiwa chini. LCD nyingi hazina tatizo hilo au zinalo kidogo. Kama ulihamia kwenye simu ya OLED na kichwa kikaanza kuuma, una sababu halali ya kutaka LCD, na fundi asikucheke.

Kilichotolewa kwenye simu nyingine, na kubadilisha glasi tu

Utaambiwa pia kuna "og", ikimaanisha kioo cha kiwandani kilichotolewa kwenye simu iliyokufa ubao wa ndani wa umeme. Hiki kinaweza kuwa bora kuliko OLED laini yoyote ya kopi, au kikawa kimeshaungua alama. Weka picha ya rangi moja, kijivu kisha nyeupe, mwangaza ukiwa juu, uangalie sehemu ya juu ambapo saa hukaa. Kivuli chochote, shusha bei au acha.

Na kama picha na tachi ni nzima, usikubali haraka kubadilisha kioo chote. Glasi ya juu inaweza kubanduliwa peke yake na nyingine ikabandikwa. Kwa OLED laini kazi hiyo inataka mashine ya kugandisha au ya kupasha joto, gundi safi na mkono uliotulia, kwa kuwa chini ya glasi kuna utando mwembamba tu. Mwulize fundi kabla: kioo kikifia mkononi mwako, nani analipa? Jibu la kusitasita ni jibu tosha.

Ubora wa kopi za laini nao haulingani. Baadhi zinatoka kwenye viwanda vikubwa vya China, na ushindani umefika mahakamani: Desemba 2022 Samsung Display ilipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani dhidi ya wauzaji wa jumla wa vioo vya OLED vya kubadilishia, ikidai hataza zake zimeingiliwa. Kwa mnunuzi wa Dar au Mombasa, linalohusu moja kwa moja ni kwamba maneno Soft OLED kwenye boksi yanakwambia kioo kimejengwa juu ya nini. Nani alikitengeneza hayakwambii, kwa hiyo dhamana ya duka ina uzito kuliko boksi.

Kabla hujalipa

Mwombe fundi aunganishe kioo bila kukibandika gundi, ukipime kwanza. Fungua picha nyeusi tupu na uikinge kwa viganja: ukiona mwanga wa kijivu, umepewa LCD, hata boksi liseme OLED. Weka nyeupe tupu uinamishe simu pande zote; kopi duni hugeuka kijani au waridi haraka. Tafuta mstari wa kijani uliosimama wima, dalili ya tatizo kwenye muunganisho wa kioo. Shika programu yoyote uiburute polepole kwenye uso mzima wa kioo; ikidondoka mahali fulani, tachi ina sehemu iliyokufa. Piga simu, uiweke sikioni, uone kama kioo kinazima. Jaribu kidole au uso. Dakika kumi zinatosha, na gundi ikishakauka hutapata nafasi hiyo tena.

Kwa simu ipi, kipi

iPhone X, XS, 11 Pro na za 12 kwenda juu ambazo bado unazitegemea: OLED laini, au cha kiwandani kilichopimwa. Kama pesa haifiki, chukua inseli nzuri kuliko OLED ngumu, ukijua umepoteza weusi na betri kidogo. Haitakufia kwenye anguko la kwanza dogo, na Face ID haitegemei kioo kiwe OLED.

Galaxy A50, A51, A52 na ndugu zake: sevisi paki, au OLED ya ukubwa kamili. Inseli hapana.

Samsung za S zenye kingo zilizopinda: cha kiwandani tu. Glasi ngumu haiwezi kufuata mpindo ule.

Simu ya zamani unayotaka kumpa mtoto, au kuitumia miezi michache ukisubiri nyingine: inseli, na usione haya.

Simu za kukunja ni habari nyingine. Galaxy Z Flip ya 2020 ilileta glasi yenye unene wa maikroni 30 juu ya OLED laini, na Tecno ikaingia na Phantom V Fold mwaka 2023. Kioo cha ndani cha simu hizi hakina mbadala wa bei nafuu wa kuaminika mitaani, kwa kuwa kinabeba bawaba, utando na glasi vikiwa vimepimwa pamoja. Kabla hujainunua, nenda kituo cha huduma cha kampuni husika nchini mwako uulize bei ya kioo cha ndani na kama wanacho stoo. Bei hiyo ukiona huwezi kuilipa, chukua simu ya kawaida ya pesa ileile.